Mtu Haogi Wastani

Asante, mwenyekiti. Nimepewa dakika arobaini, na naona wanaonifahamu wameshaanza kutazamana, maana wanajua thelathini zitaishia kwenye jambo moja. Hawajakosea.

Tangazo linasema nitazungumzia ripoti ambazo mitambo ya kusafisha majitaka nchini Marekani hutakiwa kuzipeleka kwa serikali za majimbo. Historia naipita. Mto wa Cleveland ulioshika moto mwaka 1969 mnaujua, Sheria ya Maji Safi ya 1972 mnaijua, na asiyejua amuulize jirani yake wakati wa chai. Tukubaliane tu kwamba kila mtambo unaomwaga maji mtoni una kibali, kibali kina vikomo, na kila kipindi, aghalabu kila mwezi, mtambo hujaza fomu kueleza ulichomwaga. Karibu majimbo yote yamekabidhiwa kazi ya kutoa vibali na kupokea fomu hizo. Massachusetts na New Hampshire ni kati ya machache ambako EPA, shirika la serikali kuu la mazingira, bado hutoa vibali lenyewe. Tarehe ni shauri la jimbo: Texas wanaitaka kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, Pennsylvania wanakuvumilia siku 28.

Fomu hiyo haina mchezo. Sanduku huliachi tupu. Kama bwawa lako halikumwaga hata tone mwezi mzima, bado unaripoti, na unaweka herufi C kumaanisha hakuna kilichotoka. Kipimo kikiwa chini ya uwezo wa maabara kukiona, huandiki sifuri. Unaandika "chini ya 2", kwa sababu sifuri ni madai makubwa mno kwa mwenye chupa na jokofu. Chini kabisa kuna saini, na juu ya saini maneno yanayomkumbusha mtiaji saini habari za faini na kifungo. Kudanganya kwa kujua ni hadi dola 10,000, au miaka miwili ndani, au vyote viwili. Nimewahi kumwona mkubwa mmoja akitia saini fomu sita mfululizo huku akiongea na simu. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Haya. Sasa jambo langu.

Nilifanya kazi kwenye maabara ya mtambo mmoja mdogo huko. Jina naliacha. Kibali chetu kilitutaka tupime E. coli, bakteria wa kinyesi, mara moja kwa wiki. Unachukua sampuli kwenye chupa iliyotakaswa, unaimimina kwenye trei yenye vishimo vidogo vidogo, unaifunga, unaiweka kwenye joto la nyuzi 35 kwa saa 24. Kesho yake unazima taa ya chumba, unawasha taa ya urujuanimno, unahesabu vishimo vinavyong'aa bluu. Siku za kawaida unaona viwili vitatu, kama nyota za mapema jioni. Alhamisi moja niliwasha ile taa, na trei karibu yote ikawaka. Na sampuli ile nilikuwa nimeizimua kwa maji safi mara kumi! Nilihesabu mara mbili, nikafungua jedwali la kugeuza vishimo kuwa idadi ya bakteria. Elfu tano kwa kila mililita mia.

Kilichotokea kilikuwa kitu kidogo sana. Pampu ya klorini, dawa inayoua bakteria, ilivuta hewa Jumatano asubuhi. Ilikuwa inanguruma vizuri tu, ila haisukumi kitu. Tuliirekebisha baada ya chakula cha mchana.

Sasa kaeni na namba za mwezi ule. Wiki ya kwanza 10, ya pili 20, ya tatu 15, ya nne 5,000. Kikomo cha mwezi ni 126. Ukitafuta wastani wa kawaida, ule wa darasa la nne, unapata 1,261: mtambo umeanguka mchana kweupe. Lakini bakteria hatuwapimi kwa wastani huo. Tunatumia wastani wa kijiometri: zidisha namba zote nne, kisha tafuta mzizi wa nne. Milioni kumi na tano, mzizi wake wa nne ni 62. Chukueni simu zenu mkokotoe, sina haraka. Sitini na mbili! Nusu ya kikomo!

Bosi wangu hakuwa mwizi. Nasema hivi kwa sababu kila nikisimulia kisa hiki watu wanangoja mwizi. Alinitazama, akatazama kikokotoo, akasema, "Basi mwezi tumepita." Na kweli tulipita. Kisha akaniambia nichukue sampuli nne zaidi kabla mwezi haujaisha. Hilo nalo ni halali. Zote nne zikatoka 10 kila moja. Zidisha zote nane, tafuta mzizi wa nane: 25. Yaani kadiri tulivyopima maji yaliyokuja baadaye, ndivyo maji ya Jumatano yalivyozidi kuwa masafi kwenye karatasi, ilhali yalikwishafika mbali.

Najua kuna mtu wa takwimu hapa, hakosekani, na anajikuna kichwa. Anataka kuniambia bakteria huongezeka kwa kuzidishana, kwa hiyo ni haki kuwalinganisha kwa kuzidisha, na kwamba wastani wa kawaida ungeiacha trei moja yenye uchafu wa bahati mbaya iangushe mwezi mzima. Nakubali. Wastani wa kijiometri ni chombo kizuri kwa anayetaka kujua mtambo unaendeshwaje kwa jumla. Mimi nazungumza habari ya mtu aliyeingia majini Jumatano. Yeye hakuoga 62. Mtu haogi wastani, anaoga maji ya siku ile. Mke wangu amechoka kulisikia sentensi hiyo, nanyi mtachoka.

Mwingine atasema: mbona kuna sanduku la kiwango cha juu cha siku? Lipo. Na 5,000 niliiandika mle kwa mkono wangu, na ulikuwa ukiukaji wa wazi. Hapa sheria iko vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ukipima mara nyingi kuliko ulivyoagizwa, kwa njia iliyoidhinishwa, lazima matokeo yote yaingie kwenye ripoti. Huchagui mazuri ukayatupa mabaya. Sampuli nne za nyongeza ziliruhusiwa kuizamisha 5,000 kwenye wastani, hazikuruhusiwa kuifuta. Ila hata kikomo cha siku kina mlango wake wa nyuma. Oregon, kwa mfano, sampuli moja ikipita 406 unaruhusiwa kuchukua tano nyingine mfululizo, kila baada ya saa nne, ukianza ndani ya saa 28. Wastani wao ukiwa 126 au chini, ukiukaji hauhesabiwi. Nia yake naielewa, maabara hukosea. Lakini ona inachouliza: maji ya leo yakoje? Ya jana yameshasamehewa.

Na taarifa ya dharura je? Ipo pia. Jambo likiweza kuhatarisha afya au mazingira, unatakiwa kutoa taarifa kwa mdomo ndani ya saa 24 tangu ulipolijua, na maandishi ndani ya siku tano. Bosi alipiga simu Alhamisi ileile, akaacha ujumbe kwenye mashine. Sheria ikatimia. Lakini simu ile inakwenda kwa serikali. Hakuna mstari kwenye kibali chetu uliosema ampigie mtu anayeoga.

Jioni ile nilishuka hadi darajani, kama maili moja chini ya bomba letu. Watoto walikuwa wamefunga tairi kwa kamba kwenye mti, wanabembea, wanajiachia, chubwi! Nikamwendea baba mmoja, nikamwambia leo si vizuri kuingia. Akaniuliza, "Kwa nini, na wewe ni nani?" Nikabaki nimesimama. Sikuwa na kibao, sikuwa na karatasi, na matokeo hayajasainiwa. Nikasema nafanya kazi juu kule. Akawaita watoto, wakatoka wakinung'unika.

Nilirudi nyumbani nikijiona shujaa, hadi nilipoketi kula. Pampu tuliitengeneza Jumatano mchana. Maji ya kwenye trei yangu yalipita chini ya daraja lile siku moja kabla. Nilikuwa nimewatoa watoto kwenye mto ambao huenda ulikuwa salama, na siku uliyokuwa mchafu sikumtoa mtu.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu wanaharakati wengi wanadai kitu kisichosaidia. Wanadai ripoti za E. coli ziwahishwe. Haziwezi! Trei inataka saa 24, na huwezi kuwakemea bakteria wakue haraka. BOD, kipimo cha oksijeni ambayo uchafu unaila majini, ni mbaya zaidi, chupa inakaa gizani siku tano kwa nyuzi 20. Lakini klorini iliyobaki majini unaipima papo hapo, kanuni zenyewe zinataka ipimwe ndani ya dakika 15 tangu uichote. Jumatano ile, saa tatu asubuhi, opereta alichota maji, akatia dawa, akasubiri yageuke pinki. Hayakugeuka. Akaandika kwenye daftari, akaenda kutafuta spana. Onyo lilikuwa kwenye ile chupa isiyogeuka rangi, saa 30 kabla ya trei yangu kuwaka. Kwa hiyo taarifa kwa umma inapaswa kufungwa kwenye tukio: pampu imekufa, bomba limefurika, umeme umekatika. Usingoje maabara. New York walikaribia hapo kwa sheria ya 2012: majitaka yasiyosafishwa au yaliyosafishwa nusu yakitoka, mtambo unaripoti kwa jimbo ndani ya saa mbili tangu kugundua, na kwa umma na miji jirani ndani ya saa nne. Tangu kugundua, si tangu matokeo. Neno moja tu, lakini nendeni mkalitafute kwenye sheria za majimbo mengine mwone lilivyo adimu.

Mtaniambia mitambo midogo ina opereta mmoja, naye ndiye fundi, dereva na mkata nyasi. Atapata wapi muda wa kutangaza huku ameshika spana? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba muda wa kujaza fomu ya mwezi tunampa.

Mwenyekiti amenionyesha vidole vitano. Vizuri. Nilikuwa nizungumzie mahakama, nifupishe: raia anaweza kuushtaki mtambo baada ya kutoa ilani ya siku 60, na ushahidi wake mkubwa huwa zile fomu zenyewe, kwa kuwa majaji wamezoea kuzichukua kama mtambo kukiri kwa saini yake. Ndiyo maana siwadharau wanaojaza masanduku vizuri. Ile hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Machi 2025, ya San Francisco dhidi ya EPA, kura tano kwa nne, inasema kibali hakiwezi kumwambia mwenye mtambo "hakikisha mto haushuki kiwango" kisha kikanyamaza. Lazima kimweleze afanye nini. Hilo lina mhadhara wake. Kuhusu tope linalobaki baada ya kusafisha nilikuwa na slaidi kumi na moja. Mmesalimika.

Maswali basi. Ndiyo, mama, pale nyuma, umenyoosha mkono tangu niliposema 62.