Kabla Hujalipia Kozi ya Mseto, Uliza Siku ya Darasani Mnafanya Nini

Oyawore Kisumu! Kakamega na Bungoma, mulembe! Nakuru nyinyi nawaambia tu hamjambo, maana hapo kila kabila lipo na nikianza kuwasalimu kwa lugha za mama video itaisha. Ni mimi dada yenu wa Kondele, niko Minnesota, nimekaa ndani ya gari kama kawaida yangu. Nimetoka zamu ya usiku, hita inawaka, mtavumilia huo mngurumo.

Leo ni kozi za mseto. Tangu niweke ile video ya karo, swali linalonijia zaidi ni hili: dada, chuo kimetangaza kozi nusu mtandaoni nusu darasani, nijiandikishe? Wengine mnauliza mkiwa huko nyumbani na mnataka kubaki huko, wengine mnataka kuja huku. Nianze na wa kuja huku, kwa sababu jibu lao ni fupi na lina sheria ndani yake.

Ukija Marekani kwa viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, kila muhula lazima ubebe mzigo kamili wa masomo. Kwenye hesabu ya huo mzigo, kozi ya mtandaoni mtupu inakubalika moja tu kwa muhula, au krediti 3. Zaidi ya hapo unaweza kusoma ukitaka, lakini haikujazii idadi. Kozi ya mseto inayokulazimu ufike darasani haiguswi na kizuizi hicho. Sasa, vyuo vya huku vinaongeza kozi za aina zote mbili kila mwaka, na kwenye orodha ya kujisajili zimepangwa pamoja tu. Usibonyeze kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mnakumbuka Julai 2020, serikali ilipotangaza kwamba mwanafunzi wa kigeni ambaye masomo yake yote yamehamia mtandaoni aondoke nchini? Harvard na MIT zikaenda kortini, na tarehe 14 mwezi huohuo agizo likaondolewa. Lakini watu walikuwa washaanza kupiga bei ya tiketi.

Hayo yametosha. Tuje nyumbani, huko ndiko kuna maneno.

Kuna watu wanasema masomo ya mseto ni mambo ya wazungu. Hao wamesahau walimu wetu. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa anafundisha muhula mzima, halafu Aprili, Agosti na Desemba watoto wakifunga shule, yeye anafungasha godoro anaenda Maseno au Njoro kusoma digrii yake. Vitini anarudi navyo nyumbani. Mama yangu mdogo alisoma hivyo, na anawafundisha watoto wa watu mpaka leo. Shida ilikuwa katikati. Kutoka likizo moja hadi nyingine, kimya. Hakuna wa kumuuliza, hakuna kazi ya kusahihishwa, na akirudi amesahau nusu. Mtandao kazi yake ya kwanza ni kujaza hiyo katikati. Chuo kikitumia mtandao kwa kitu kingine na hiyo katikati ikabaki tupu, mimi sioni kilichobadilika isipokuwa jina.

Na si kwamba vyuo vyetu vinaanzia sifuri. Maseno wana eCampus yao, yaani kampasi ya mtandaoni, miaka mingi sasa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake 2023, makao Konza, na masomo yake ni ya mtandaoni. Machi 2020 shule na vyuo vilipofungwa, hata wahadhiri waliokuwa hawataki kusikia habari za kamera walijifunza. Tena kuna KENET, ule mtandao unaounganisha vyuo vyetu kwa intaneti, kwa hiyo ukiwa ndani ya geti la chuo una nafuu. Ukishatoka getini ndiyo unaanza kujinunulia bando.

Hapo kwenye bando nataka tukae kidogo. Kipindi cha video cha moja kwa moja, darasa zima limo, saa moja kinaweza kumaliza zaidi ya nusu GB. Saa hiyohiyo, mhadhiri akirekodi sauti tu kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 30. Umeona tofauti? Ndiyo maana pale Nyalenda binamu yangu anasoma kwa WhatsApp. Chuo kina tovuti yake nzuri, ina nywila na kila kitu, lakini masomo yenyewe yanapita kwenye grupu: mwakilishi wa darasa anapakua kitini akiwa chuoni, anakituma, anaongeza sauti ya dakika nne anaeleza walichoambiwa. Yule msichana mwakilishi halipwi na mtu, na siku stima ikipotea kwao darasa zima limekwama. Kama chuo kinataka kupanua mseto, kianze kwa kumwondolea huyo mtoto mzigo: rekodi ndogo za sauti, vitini vyepesi, vikae mahali simu ya bei ya chini inaweza kufungua. Video za moja kwa moja ziwe chache, na ziwe na sababu.

Sasa huku wana kitu kingine kinaitwa HyFlex. Kilianzia chuo cha San Francisco State mwaka 2006, kwa profesa Brian Beatty. Kila kipindi mwanafunzi mwenyewe anaamua: leo nakuja darasani, leo naingia kwa video, leo nitaangalia rekodi baadaye. Kwa mtu wa zamu kama mimi ni neema. Lakini ngoja niwaambie kinavyokuwa. Darasani ninakosoma huku sisi tuko wachache, wengine wako kwenye skrini kubwa ukutani, kamera wamezima, ni majina tu. Profesa anachangamka, anageukia ubao, anachora mchoro wa jinsi kipindupindu kinavyosambaa, mishale huku na huku. Kule pembeni ya skrini, kwenye maandishi, mtu ameandika "hatuoni ubao". Mwingine, "sauti imekatika". Hakuna anayesoma. Mchoro umekwisha, umefutwa, ndipo anageuka kuuliza kama kuna swali. Siku hizi amemweka mwanafunzi mmoja kila kipindi, kazi yake ni kutazama yale maandishi na kupaza sauti. Hakuna mtambo ulionunuliwa. Kwa hiyo mkiona chuo huko kinapigwa picha na kamera mpya za darasani, pongezi, lakini ulizeni nani anatazama skrini.

Na kuna mtego ambao wataalamu wa mambo haya wanauita kozi na nusu. Mhadhiri anafundisha yote aliyokuwa akifundisha darasani, hajapunguza hata mada moja, halafu anarundika juu yake video, maswali ya kila wiki na mijadala ya mtandaoni. Mwanafunzi anafanya kazi ya kozi moja na nusu kwa krediti zilezile. Mhadhiri naye vilevile, maana mijadala ya watu 200 lazima mtu aisome. Ndiyo sababu siamini wanaosema mseto ni njia ya kubana matumizi. Kozi nzuri ya mseto mtu ameketi akaivunja, akaamua hili watalisoma wenyewe nyumbani, na hili tutalifanya tukiwa pamoja. Huyo mtu anahitaji muda wa kufanya hivyo, na muda wa mhadhiri ni pesa.

Darasa langu la takwimu la Jumanne ni hivyo. Maelezo tumeshayasikiliza nyumbani. Tukifika tunakaa wanne wanne, tunapewa data chafu ya kliniki, umri umeandikwa 430, tarehe zimegeuzwa, na tunaisafisha huku mwalimu akizunguka. Ukikwama anakaa na wewe. Hakuna hotuba.

Sasa yule mwalimu wa Mbita aliyeniandikia, nakuona. Wewe ili ufike Maseno Jumamosi unavuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, unapanda matatu, unatokea Kisian, kisha ndiyo Maseno. Kama unafanya safari yote hiyo ili usomewe slaidi ambazo zingetumwa kwa simu, umeibiwa nauli. Lakini kama ni maabara, ni mazoezi ya kufundisha, ni mtu kukaa na wewe kwenye pendekezo lako la utafiti mpaka lieleweke, nenda. Kabla hujalipa, omba ratiba ya siku za darasani, iliyoandikwa. Uliza mtihani unafanyiwa wapi. Uliza kama kozi yenyewe, kwa mfumo huo, imeidhinishwa na CUE, ile tume ya elimu ya vyuo vikuu. Na uliza swali ukiliandika usiku wa Jumatano linajibiwa na nani, baada ya muda gani. Wakikujibu "tutaangalia", mwalimu wangu, tafuta kwingine.

Mlio Njoro, Maseno na Kakamega mnaosoma hivi sasa, niandikieni hapo chini siku ya darasani mnafanya nini hasa. Jina la mhadhiri msitaje. Video ijayo ni ya HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, kwa sisi tuliokopa tukapanda ndege. Naona mmeshaanza kujificha.