Kiti changu cha kwanza Berlin kilikuwa mbuzi

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu wa Lindi, kuanzia Mtanda, Rahaleo, Mitwero, mpaka kule Mchinga, mambo? Leo sijasuka, sijapaka hata wanja, na nyuma yangu mnauona ukuta mtupu. Nimehama jamani. Wiki ya tatu hii.

Ngoja nigeuze kamera muone dari. Mnauona huo waya unaoning'inia? Hapo palikuwa na taa. Mpangaji aliyetangulia kaondoka nayo, wala hajaiba, ndiyo desturi ya huku Ujerumani. Nyumba ikiitwa tupu, basi ni tupu. Mtu anang'oa taa zake, anashusha pazia na bomba lake, na mara nyingi anabeba mpaka jiko, makabati na sinki la kuoshea vyombo. Siku napewa funguo nimeingia, nikapiga hodi kwa mazoea, sauti ikanirudia mwenyewe.

Nilikuwa na masanduku mawili, mkeka wa ukindu aliosuka bibi, na mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi, msinichekeshe. Nilitoka nayo Lindi imeviringishwa kwenye kanga mbili ili meno yasitoboe nguo. Basi pale katikati ya sebule, miguu imewaka moto kwa ngazi, nikaikunjua nikaikalia. Nikala mkate na ndizi hapo hapo. Na usiku nikalala kwenye mkeka nimevaa makoti mawili.

Sasa mnaoniandikia "dada huko maisha mteremko", sikilizeni hesabu ya kuingia ndani. Huku hakuna kulipa miezi sita kwa mkupuo kama tulivyozoea. Kuna amana, yaani pesa ya dhamana anayoishika mwenye nyumba, ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Hilo la mafungu mimi sikulijua, nikatoa yote siku moja, nikabaki nahesabu senti za mkate. Halafu kuna kodi baridi na kodi moto, ndivyo wenyewe wanavyoziita. Baridi ni chumba peke yake. Moto imejumlisha maji, takataka, na mara nyingi joto la nyumba. Ukiona tangazo la bei nzuri, kwanza uliza ni ya baridi au ya moto. Dalali je? Tangu mwaka 2015 aliyemwita dalali ndiye anayemlipa, yaani mara nyingi ni mwenye nyumba. Hapo niliwapenda.

Nikafanya kosa la pili. Nikaenda duka kubwa la samani Jumamosi, kichwa kimechoka, nikatoka na mishumaa, mito miwili na kibakuli cha sabuni. Kitanda sina! Nimerudi nimeikalia mbuzi yangu nakumbatia mto.

Aliyeniokoa ni jirani wa chini, mama mmoja Mturuki, akaniambia mwanangu, huku vitu havinunuliwi, vinasubiriwa. Akanionyesha Kleinanzeigen kwenye simu. Watu wanauza vitu vya nyumbani humo, na wengine wanatoa bure kwa sharti moja: uje ubebe mwenyewe. Jiko na sinki nimeyapata kwa mtu aliyekuwa anahama, alitaka Yuro 250, nikamlilia kidogo kwa Kijerumani changu cha kuvunjika, tukaishia 180. Kabati la nguo nimelitoa NochMall, duka la mitumba la kampuni ya jiji inayozoa taka. Vitu vizima kabisa, vimesafishwa, vinauzwa tena. Na mitaani utakuta boksi limeandikwa "zu verschenken", maana yake chukua, ni zawadi. Kwa sheria za mji kuacha vitu njiani ni kosa, lakini watu wanaacha, na wapitao wanachukua. Sufuria hizi tatu nimeziokota hivyo, nikazisugua kwa majivu ya kufikirika, maana majivu yenyewe nitayatoa wapi.

Meza hii ndiyo ina hadithi. Ya bure, lakini ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nimefungua miguu yote minne, nikaifunga kwa kanga, uso wa meza nikauweka kichwani. Ndiyo, kichwani, na kata. Nimeingia nayo kwenye treni, watu wananitazama, mtoto mmoja akanipigia makofi. Mle ndani nikawakumbuka babu zetu wa Tendaguru, kile kilima cha kwetu Lindi. Kati ya 1909 na 1913 ndio walioibeba ile mifupa ya mjusi mkubwa, yaani dinosaria, kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa mguu mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Mjusi mwenyewe yuko hapa hapa Berlin, kwenye jumba la makumbusho, kasimama kimo cha mita 13 na ushee. Kapewa ukumbi mzima wenye joto. Mimi namaliza ngazi na meza moja nalalamika! Tena kufika nyumbani nakuta nati moja nimeidondosha njiani, kwa hiyo mguu huu mnaouona unachechemea. Nimeuwekea kipande cha boksi la maziwa.

Godoro nimenunua jipya. Hapo sibishani na mtu. Vya mbao na vya chuma okota, osha, tumia. Vyenye sponji vya njiani usiguse, kunguni hawana uraia, huku wapo vile vile.

Kilichobaki kuwa kigumu ni mama. Jana nimempigia kwa picha, namzungusha nyumba nzima, jikoni, kabati, pazia za kanga. Kimya. Halafu: "Mwanangu, ndiyo umekwenda Ulaya kuokota?" Nikamwambia mama, gauni ulilovaa hapo umelinunua wapi? Si mitumba ya Ijumaa? Akasema gauni ni gauni, kiti ni kiti, kwenye kiti mtu anaacha mambo yake. Akanitaka nisogeze kamera kwenye kochi. Kochi hili la kijani, nimelitoa nyumbani kwa mtu, safi, nimelikagua mishono yote kwa tochi. Akaliangalia weee.

"Mwenyewe amekufa?"

Hapana mama, amehamia Hamburg.

"Haya. Kaa."