Zamu ya damu: mhadhara kwa vijana wa Moshi

Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo. Nimepangiwa mada ya furaha ya kujitolea. Nitazungumzia damu tena. Mlionisikia mwaka jana mnivumilie, maana bado mnafanya yaleyale.

Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, mnakuja na fulana mpya, muziki na foleni hadi getini. Vizuri. Ila damu hiyo, ndani ya mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande, kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6, hudumu siku 35. Ya 14 Juni mwisho wake ni 19 Julai. Isiyotumika inatupwa. Agosti mnatafutwa, simu hazipokelewi. Desemba ndiyo balaa: shule zimefungwa, na wanafunzi ni tegemeo kubwa la uchangiaji, wakati huohuo Wachaga wamejaa barabarani wanarudi nyumbani kula sikukuu, na ajali nazo zipo.

Nataka zamu. Chukueni wanaume 24, makundi matatu ya wanane wanane: Januari, Februari, Machi, kisha Aprili la kwanza linarudi. Mwanaume hutoa kila baada ya miezi mitatu. Mwanamke minne, basi akina dada wawe makundi manne. Kwa wanaume tu ni chupa nane kila mwezi, na Desemba imo. Kituo cha damu cha Kanda ya Kaskazini kiko hapahapa Moshi, nauli si kisingizio.

Mtaniuliza: “Sasa furaha iko wapi, hata picha hakuna?” Mama amejifungua, anavuja damu saa nane usiku. Damu ya shemeji anayekimbizwa kutoka Marangu bado haijapimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, wala kaswende. Ya kumwahi ni ile iliyokwishapimwa, iliyopo kwenye jokofu. Ni yako, uliyoitoa wiki mbili zilizopita, na hamtajuana kamwe. Asiyefurahi mpaka ashukuriwe akaimbe kwaya, nayo ni huduma.

Kuna anayenong’ona kule nyuma kwamba tunatoa bure halafu inauzwa. Ukidaiwa hela ya damu usilipe kimyakimya: uliza jina, dai risiti, nenda kwa mganga mfawidhi. Lakini ukigoma kutoa, tapeli haumii, anaumia mgonjwa.

Na wewe unayekuja ili upimwe Ukimwi kwa siri, tafadhali usije. Maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo, damu ikamfikia mtu. Kituo cha afya wanapima bure.

Harakaharaka sasa. Umri 18 hadi 65, uzito kilo 50 kwenda juu. Wanaozimia mara nyingi ni wasiokula, au walioshinda na mbege jana yake. Kula, kunywa maji nusu lita. Ukishatoa mililita 450 kaa dakika 15, usirukie bodaboda. Wingi wa damu usipungue 12.5. Akina dada wengi hurudishwa hapo: mchicha, maharage, nyama, na chai isubiri saa nzima baada ya chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Najua, kumwambia mtu wa hapa aahirishe chai ni kutafuta ugomvi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Habari za chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda na zinazodumu siku tano tu, basi tena, muda umekwisha. Daftari liko mlangoni. Andika simu inayopatikana na mwezi wako.