Haki ya Mtoto Mwenye Usonji na Haki ya Jirani Yake Katika Safu

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu, na akina mama mlio upande wa pili wa pazia, kamati imenitaka niseme juu ya watoto wenye mahitaji maalumu msikitini, nami nitaanzia mlangoni, kwenye viatu. Mnamjua kijana wetu wa miaka tisa mwenye usonji, ambaye katikati ya swala ya Isha hutoka kwenye safu akaenda kuvipanga viatu vyetu kwa ukubwa, kandambili za watoto kushoto, mabuti ya walinzi kulia, na tukitoka kila mtu anatafuta vyake huku akinung'unika.

Katika hadithi ya Anas, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, anaeleza kwamba huingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kuwa anajua jinsi mama yake anavyoumia. Itazameni vizuri: iliyopunguzwa ni swala ya jamaa nzima, wala mama yule hakuambiwa asimlete tena mwanawe. Lakini tusiichukue hadithi hiyo peke yake, kwani Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba Mtume, akiwa katika itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ajili ya ibada, aliwasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti za juu, akafunua pazia na kuwaambia kuwa kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane. Mzee anayeomba utulivu, kwa hiyo, hadekezwi. Anadai haki yake.

Mimi naona hadithi hizi hazigongani, kwa sababu waliokatazwa walikuwa na uwezo wa kushusha sauti, na mtoto hakuwa nao. Kijana anayeendelea kuita "amin" baada ya sisi kunyamaza hakukusudia kumuudhi mtu, ilhali simu zilizolia Ijumaa iliyopita, nami nilizihesabu tatu, zilikuwa na wenyewe, watu wazima na akili zao.

Wako wanaosema kalamu imeinuliwa kwa mtoto, yaani hajalazimishwa ibada, basi abaki nyumbani. Kutolazimishwa ni jambo moja, kuzuiwa ni jingine. Hata hivyo, akimsukuma mzee aliye katika sijida, baba yake amtoe mara moja, na hapo hakuna aliyebaguliwa. Ndiyo maana watoto hawa na baba zao tumewatengea mwisho wa safu, karibu na mlango wa pembeni, ili baba atoke naye na kurudi bila kupita mbele ya wanaoswali. Pendekezo la kuwaweka chumba cha nyuma nililikataa kikaoni na bado nalikataa. Nasema baba kwa makusudi, maana mzigo huu umebebwa na akina mama, na mmoja wao aliacha kuja tarawehe Ramadhani iliyopita kwa maneno aliyoambiwa, ambayo sitayarudia hapa.

Tulimuuliza baba wa kijana yule kwa nini mwanawe hukimbilia kwenye viatu, akatuonyesha spika iliyofungwa kwenye nguzo, juu kabisa ya mahali wanaposimama. Huko nje sauti ile haimpigi masikioni. Jana fundi ameikata waya. Wazee wenye uzito wa kusikia tunawaomba wasogee safu za mbele upande wa kulia, ambako sauti imebaki kama ilivyokuwa.