Mkataba Umetiwa Saini, Ardhi Je?

Ndugu zangu wa Tanga, wanaonijua wanajua nitaanzia El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, na huenda nikaishia huko huko. Mkataba wa amani ulitiwa saini Chapultepec, Mexico, Januari 1992. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, waasi dhidi ya serikali, vilikuwa vimeua watu wapatao 75,000. Lakini mwaka 2015, amani ikiwa imetimiza miaka 23, waliuawa zaidi ya watu 100 katika kila 100,000. Ukiuliza sababu unaambiwa: wale wamezoea damu. Jibu hilo nimelikataa miaka yote, na leo nalikataa tena!

Wazee mliowaona manamba kwenye mashamba ya mkonge mtanielewa upesi. El Salvador ilikuwa nchi ya kahawa, ardhi nzuri imeshikwa na familia chache, maskini anapata kibarua msimu wa kuchuma tu. Bei ikaanguka, wakulima wakainuka mwaka 1932, jeshi likawaua kwa maelfu. Vita vilivyoanza 1980 vilitoka humo humo. Sasa mkataba ulifanya nini? Ulipunguza jeshi, ukaunda polisi mpya, waasi wakawa chama cha siasa. Ardhi ikagawiwa wapiganaji na baadhi ya wakulima, tena kwa mkopo. Kijana akavua gwanda, kazi hana, na bunduki zimezagaa. Hapo hapo Marekani ikawa inawarudisha vijana waliokulia Los Angeles, watoto wa waliokimbia vita, pamoja na magenge yao: Mara Salvatrucha na Barrio 18. Waliwakuta nani mtaani? Wenzao wasio na kazi, wengi wao wazazi wako ughaibuni.

Mtaniuliza: mbona Nicaragua, maskini zaidi na iliyopigana pia, haikufika huko? Haya, jibuni: kama ni kuzoea damu, wao hawakuizoea? Wahamiaji wao wengi walikwenda Costa Rica na Miami, na polisi wao, walioundwa upya baada ya mapinduzi ya 1979, walikaa karibu na mitaa. Umaskini peke yake hauui. Yapo maamuzi yaliyofanywa juu yake, na yana wenyewe.

Muda umenibana, na nilitaka sana kuzungumzia jirani zetu wa Msumbiji. Mkataba wao ulitiwa saini Roma, Oktoba 1992; mwaka 2017 Cabo Delgado, mkoa wao wa kaskazini, ukawaka vita vya waasi wenye itikadi kali. Tunasema ni dini, tunafunga mjadala. Vito vya rubi vya Montepuez na gesi ya Palma, vyote vya mkoa huo huo, hatuvitaji, wala wanavijiji waliohamishwa kupisha mradi. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi maswali yaanzie hapo, kwa hao waliohamishwa.