Kanisa la Escomb, na kwa nini saruji isilisogelee

Picha za mwanzo naziruka, mmekwisha ziona. Escomb, County Durham, kaskazini mwa Uingereza. Kanisa la karne ya 7, mawe yake yametoka ngome ya Kirumi ya Binchester iliyo jirani. Ukuta wa kaskazini una jiwe lililochongwa LEG VI, yaani Jeshi la Sita, nalo limewekwa juu chini. Fundi aliyelipandisha ama hakujua kusoma ama hakujali, mradi jiwe limekaa sawa.

Mimi nataka kuzungumza kilichopo kati ya mawe, yaani chokaa ya viungo. Najua, ni yale yale. Vumilieni.

Ukuta wa kale hauna nailoni ya kuzuia maji chini yake. Maji yanapanda kutoka ardhini, mvua inaupiga ubavuni, na hayo huyazuii. Swali ni maji yatokee wapi. Ukijengwa kwa chokaa yanatokea kwenye viungo, kwa sababu chokaa ni laini na ina vitundu vingi. Chumvi inayokuja na maji inagandia humo humo, inakula chokaa, jiwe linapona. Kiungo kikichakaa unakikwangua na kukijaza upya, basi.

Sasa jaza saruji. Maji yanakuta mlango umefungwa, yanapita kwenye jiwe. Chumvi inajikusanya nyuma ya uso wa jiwe, baridi inagandisha maji, yanavimba, uso unabanduka magamba. Ukipita baadaye unakuta mistari ya saruji imesimama kama sega la asali lililokamuliwa, na mawe katikati yameliwa.

Kuna mtu atasema saruji ina nguvu zaidi. Ndiyo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo! Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824. Escomb lilikuwa limesimama zaidi ya miaka 1,100 bila kumsubiri. Watu wa Lamu na Unguja wananielewa: nyumba ya matumbawe ukiipiga lipu ya saruji inaugua ugonjwa huo huo.

Kazi yenyewe ya kujaza viungo upya kwa chokaa ni hivi. Kwangua kwa mkono. Mashine ya diski inapanua kiungo na kukata kingo za jiwe. Kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Fagia vumbi, nyunyiza maji hadi jiwe liache kunyonya kwa pupa. Changanya sehemu 1 ya chokaa iliyozimwa na kulowekwa miezi 3 au zaidi, kwa sehemu 3 za mchanga uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Uwe mzito, wanaoufanya uji ndio wanaolalamika nyufa. Shindilia. Ikianza kukaza, igongegonge kwa brashi ngumu. Kisha ninginiza magunia mabichi, uyalowanishe kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na bila unyevu haiwezi. Ikikauka mbio inabaki unga. Joto likishuka chini ya nyuzi 5, weka mwiko chini.

Ila kabla ya hayo yote pandeni mkatazame gata, mfereji wa maji ya paa! Nusu ya “ukuta unaolia” ni majani yaliyoziba bomba la mvua. Nusu nyingine ni udongo wa makaburi yanayozunguka kanisa, uliopanda karne kwa karne hadi sakafu ya ndani ikawa chini kuliko nje.

Naonyeshwa saa. Haya: madirisha madogo ya juu, membamba nje na yanayotanuka ndani, ni ya mwanzo, marefu yenye ncha ni ya karne ya 13. Tao la madhabahu, refu na jembamba, huenda lilihamishwa zima kutoka jengo la Kirumi. Saa ya jua iko ukuta wa kusini. Mwaka 1863 walijenga kanisa jipya kilimani, hili likaachwa lichakae. Likakarabatiwa kati ya 1875 na 1880. Lile jipya limekwisha bomolewa, hili lipo.

Mnara halina, kwa hiyo hapo limeniokolea dakika. Maswali?