Mzee wa Kale wa Kennewick: miaka 20 bila kuzikwa

Haya jamani, mlioko nyuma mnanisikia? Poa. Leo nawapeleka Marekani, jimbo la Washington, mji wa Kennewick. Julai 1996 vijana wawili wameenda kucheki mashindano ya boti mto Columbia, mara wakakuta fuvu kwenye maji. Polisi wakaja wakidhani labda kuna mtu kauawa, kumbe marehemu ana miaka kama 8,500 hivi, na nyongani ana ncha ya mkuki wa jiwe, mfupa umeshaota kuizunguka, yani alichomwa akapona akaendelea na maisha yake.

Balaa likaanzia hapo. Makabila ya pale, Wayakama, Waumatilla, Wacolville na wenzao, wakasema huyu ni Mzee wa Kale, ni babu yetu, mrudisheni ardhini, na sheria ya kurudisha mifupa ipo toka 1990. Wanasayansi 8 wakakimbilia mahakamani, eti thibitisheni undugu kwanza. Na yule mtaalamu aliyemkagua mwanzo alishasema fuvu lina sura ya kizungu kizungu, mnaona hatari yake? Ukishasema hivyo ni kama unawaambia wenyeji na nyie mmekuja tu. Wazee wakajibu sisi tupo hapa toka mwanzo, babu zetu walitusimulia. 2004 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi wanasayansi, masimulizi ya wazee hayakutosha.

Sasa sikilizeni. 2015 timu ya Eske Willerslev, mtaalamu wa DNA za kale kule Copenhagen, Denmark, ikatoa DNA kwenye kipande cha mfupa wa mkono, wakalinganisha na watu wa leo, Wacolville ndo walikubali kutoa sampuli, makabila mengine yakagoma. Jibu? Ni ndugu wa wenyeji, na Wacolville wapo karibu naye sana. Kile kile walichosema wazee miaka 19 nyuma!

Najua kuna mtu ataniuliza, mwalimu, si angezikwa 1996 tusingejua? Kweli, tusingejua sisi. Wao walikuwa wanajua, na miaka yote ile toka 1998 mifupa iko kwenye maboksi pale makumbusho ya Burke, Seattle, walikuwa wanaenda kumwombea.

Desemba 2016 Obama akasaini sheria arudishwe. Tarehe 18 Februari 2017 wakakusanyika watu zaidi ya 200 asubuhi na mapema, wakamzika, na kaburi lilipo hawajamwambia mtu.